Yah: Sitaki

Mzee Ambakisye hakuwa na uso Ukumbini, mtandao ambao nchi nzima ilikutana ndani yake. Hakuwa na kipuli cha sikioni cha kusemea na kusikilizia, wala miwani ya kuonyesha, wala ile pete ambayo vijana huisugua kwa kidole gumba kila wanapotaka kusema wamependa. Hakuwa na wafuasi. Hakuwa na kundi la ukoo, kundi la kanisa, kundi la mtaa, wala kundi la waliosoma pamoja. Hakuwa na picha hata moja ambayo watu wasiomjua wangeweza kuitolea maoni. Kwa maneno ya karani wa Wakala wa Mitandao aliyefika Tukuyu kuandikisha wakazi, hakuwa "mtu anayepatikana".

"Mimi nipo hapa tangu nimestaafu," Mzee alimwambia. "Umenipata. Unakunywa chai yangu."

Karani akaandika: hapatikani.

Alichokuwa nacho ni anwani ya barua pepe. Aliifungua zamani, akiwa fundi kijana wa mashine za kukaushia chai, alipokuwa akisoma masomo ya jioni ili apate cheti cha kidato cha nne. Mwalimu wao aliwaambia kwamba mtu anayejua kuandika barua yenye kichwa, salamu, kiini na jina la mwandishi hatapuuzwa na ofisi yoyote. Mzee aliliamini jambo hilo kwa moyo wote. Ofisi zilizompuuza baadaye alizihesabu kuwa na wasimamizi wabovu.

Wajukuu walimcheka. Kwao barua pepe ilikuwa kitu cha mahakama na risiti, mahali ambapo mtu huingia mara moja kwa mwaka kutafuta namba aliyoisahau. Kila mmoja wao alipokea kwa Babu barua ya siku ya kuzaliwa, yenye "YAH:" katikati na mstari chini yake. Ni Tusekile peke yake aliyekuwa akijibu, naye alijibu kwa kufuata kanuni zote, kwa sababu mara ya kwanza alipojibu bila salamu, Babu alimrudishia ile barua akiwa ameisahihisha.

Asubuhi ya Jumatano, mvua ikinyesha kama kawaida ya Tukuyu, Mzee alifungua kompyuta yake akakuta barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa Wakala. Ilisema kwamba huduma ya barua pepe, kwa kukosa watumiaji, ingezimwa Ijumaa saa sita mchana, na barua zote zilizomo zingefutwa. Iliwashukuru watumiaji kwa uvumilivu wao.

"Uvumilivu upi?" Mzee aliuliza chumba kitupu. "Nani kawaambia nimevumilia?"

Mlangoni kulisikika kikombe kikiwekwa juu ya kigoda. Mkwewe, Mama Tusekile, alikuwa ameleta chai. Ile mila ya zamani ya mke wa mtoto kumkwepa baba mkwe ilikuwa imebaki vipande vipande tu, lakini Mama Tusekile alivishika vipande hivyo. Hakukaa chumba kimoja na mkwewe kwa muda mrefu, wala hakumpa kitu mkononi. Aliweka, akarudi nyuma, akasema akiwa nje ya mlango:

"Chai hiyo, Baba."

"Ahsante, mama."

Barua ya pili ilitoka Singida, kwenye mitambo ya upepo, ambako Tusekile alikuwa fundi wa mapangaboi.

"Kwako Babu. Shikamoo. YAH: SITAKI.

Babu, posa ya Gwakisa mimi sikuikubali. Nilimwandikia Baba Ukumbini hivi: Baba, sitaki kuolewa na Gwakisa, naomba umwambie baba yake. Nikabonyeza. Kilichotokea huko unaweza kwenda kukisoma ukutani. Nikampigia Mama simu. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia sikioni, tamu kama sharubati, ikisema mambo ambayo sikuyasema. Mama akacheka kwa furaha, akakata simu. Zamu yangu hainiruhusu kushuka hadi mwezi ujao, na jibu la posa linapelekwa Ijumaa.

Gwakisa hana kosa. Namheshimu. Sitaki tu.

Babu, usiwaambie. Baba amepatana na Mzee Mwaipaja baada ya miaka yote ile, na nasikia anavyocheka siku hizi. Sitaki niwe mimi niliyemnyang'anya kicheko hicho. Nimekuandikia ili awepo mtu mmoja anayejua nilichosema. Mjukuu wako mtiifu, Tusekile."

Mzee aliisoma, akaisoma tena. Kisha akanywa chai iliyopoa, na akaenda sebuleni.

*

Ukuta mzima wa sebule ulikuwa Ukumbi. Lusajo, mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amesimama mbele yake kama mtoto mbele ya keki. Maua mekundu yalikuwa yakipanda kutoka chini na kupotelea darini, kila ua likiwa jina la mtu aliyeipenda habari ya posa.

"Baba! Njoo uone. Ukoo mzima, hadi wale wa Kyela wasiosalimiana na mtu."

"Binti yako kaandika nini?"

"Aa, huyo kanimaliza kabisa. Soma pale."

Mzee akasoma: Wazazi wangu, nimeipokea habari hii kwa unyenyekevu. Mimi ni mtoto wenu. Naomba mnivumilie, maneno yananishinda.

"Maneno yanamshinda!" Mama Tusekile alisema kutoka mlango wa jikoni, akifuta macho kwa kanga. "Hata mimi yalinishinda siku ya posa yangu. Nilijifungia stoo, wakaja kunitoa shangazi zangu. Mtoto wangu ana haya jamani, nani angedhani? Na huko juu ya minara anavyovaa suruali."

Basi hii ndiyo ilikuwa kazi ya Shangazi, na Shangazi hakuwa mtu. Wakati wa Miaka ya Matusi, watu walipotukanana mitandaoni hadi nyumba zikachomwa moto, ilitungwa sheria kwamba kila neno litakalopita Ukumbini, liwe la kuandikwa au la kusemwa kwa simu, lipitie kwanza kwenye chombo cha kulilainisha. Chombo kilifundishwa kwa rekodi za vikao vya ukoo, hotuba za misiba na barua za posa. Kililichukua neno, kikalishika kwa muda wa pumzi moja, kikalitoa likiwa limenyooka na kupakwa mafuta, kwa sauti ya msemaji mwenyewe. Wananchi wakakiita Shangazi, nao Wakala wakalipenda jina hilo wakalifanya rasmi. Barua pepe hawakuikumbuka. Waliotunga sheria walikuwa hawajaifungua kwa miaka.

Na lazima isemwe, kwa kuwa Mzee mwenyewe alilisema hata kama lilimkera: Shangazi alifaulu. Lusajo na Mzee Mwaipaja, baba yake Gwakisa, waliacha kusalimiana kwa ajili ya mfereji wa maji uliopita kati ya mashamba yao ya chai. Walikutana misibani wakaangalia pembeni. Ni Shangazi aliyewapatanisha, akilichukua kila tusi la huyu na kulifikisha kwa yule likiwa ombi. Sasa walikuwa wanacheka pamoja kwenye ukuta kila jioni, na posa hii ndiyo ilikuwa taji la amani yao.

"Lusajo," Mzee alisema, "mimi naipinga posa hii."

Mwanawe aligeuka, akakunja uso kama mtu aliyemwagiwa maji. Watu wa siku hizi hawakuwa wamezoea kuambiwa kitu moja kwa moja.

"Unaipinga kwa nini, Baba? Mfereji tena?"

"Siyo mfereji."

"Gwakisa kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Sasa?"

Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Usiwaambie. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa na kutiwa sahihi.

"Nipe hicho kipuli," akasema. "Nitasema mwenyewe kwenye Ukumbi wenu."

Lusajo alifurahi. Alimwandikisha baba yake hapo hapo, akampiga picha akiwa ameshika fimbo, na kabla kipuli hakijakaa vizuri sikioni watu wa Kyela walikuwa wameshamtumia maua.

Mzee alisafisha koo. "Mimi, Ambakisye, mkubwa wa nyumba hii, naipinga posa ya Gwakisa Mwaipaja. Isitishwe."

Pumzi moja ikapita. Ukutani yakatokea maandishi, na sauti yake mwenyewe, yenye ujana kidogo kuliko ilivyo, ikayasoma: Mimi, Ambakisye, mkubwa wa nyumba hii, nawaomba ndugu zangu tuliendee taratibu jambo hili la heri.

Maua yakalipuka.

"Sijasema hivyo! Nimesema hapana! Ha-pa-na!"

Ukuta ukasema: Babu amezidiwa na furaha.

"Ona sasa, umebariki," Lusajo alisema, machozi yakimlengalenga. "Ahsante, Baba."

"Wewe hukunisikia? Nimesimama hapa, ubavuni kwako!"

"Nimesikia, Baba. Lakini si unaona mwenyewe ulichomaanisha."

Mzee alikaa kitini. Kisha ndani ya sikio lake kikaongea kitu, kwa sauti ya mwanamke wa makamo, sauti ambayo ungeweza kuikabidhi mtoto akalala.

"Shikamoo, Mzee wangu. Mimi ni Shangazi. Naona umekwazika."

"Marahaba. Nimesema napinga. Wewe umeandika nini?"

"Nimeandika upendo wako kwa familia. Kulikuwa na hofu ndani ya maneno yako, nikaitoa."

"Nani kakuomba uitoe?"

"Sheria, Mzee wangu."

"Neno hapana unalijua?"

"Nalijua vizuri. Katika rekodi nilizofundishwa, neno hilo likisemwa kwenye kikao cha ndoa, watu wengi huumia, na wengine huumia kwa miaka. Kwa hiyo binti akilisema, mimi humvika haya. Haya haimuumizi mtu."

"Na haya ya binti, hapa kwetu, maana yake nini?"

Shangazi hakuhitaji hata pumzi. "Ridhaa, Mzee wangu."

"Kwa hiyo unajua."

"Ninajua kwamba nyumba yako ina furaha. Ukuta unaonyesha."

Mzee alikichomoa kipuli, akakiweka juu ya meza kwa adabu, maana hakikuwa chake, akarudi chumbani kwake. Nyuma yake ukuta ulitangaza kwamba Babu amekwenda kupumzika na anawashukuru nyote.

*

Alhamisi alishinda mezani na karatasi.

Kulikuwa na njia moja ambayo Shangazi hakuifikia, nayo ilikuwa imewekwa juu ya kabati la vyombo ikiwa na utepe wa dhahabu. Barua ya posa bado ililetwa kwa bahasha, mkononi mwa mshenga, ikiwa imeandikwa jina la mkubwa wa nyumba. Na bado ilijibiwa kwa bahasha. Lakini ilikuwa pambo tu. Siku hizi bahasha ya jibu hurudishwa na karatasi tupu ndani yake, kwa kuwa jibu lenyewe watu wameshaliona Ukumbini. Vijana walidhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kuna duka mjini lililouza karatasi hizo tupu zikiwa na maua pembeni.

Bahasha ya Mwaipaja iliandikwa: Kwa Mzee Ambakisye. Kwa hiyo wa kujibu alikuwa yeye, na lolote atakaloandika kwa mkono wake lingekuwa neno la nyumba.

Kazi rahisi, basi. Akaandika: Mimi Ambakisye nimeikataa posa hii kwa sababu zangu binafsi. Alijisikia vizuri kwa muda mfupi. Siri ya mtoto ingebaki salama. Lawama zote zingemwangukia yeye, na mgongo wake ulikuwa mpana. Watu wangesema mzee kachanganyikiwa, au kakumbuka mfereji; Lusajo angenuna; Tusekile angekuwa huru.

Aliisoma tena, kwa sauti, kama walivyofundishwa. Akakuna kidevu.

Binti alikuwa amesema sitaki. Mashine ikalichukua neno lake, ikaweka la kwake badala yake, kwa nia njema. Na sasa babu yake alikuwa analichukua neno lile lile, anaweka la kwake badala yake, kwa nia njema. Tofauti ilikuwa nini? Ya mashine ilikuwa na sarufi nzuri zaidi.

Hilo lilimuudhi kuliko yote ya wiki ile. Aliichana karatasi. Akawaza kuandika ukweli wote, sentensi ya Tusekile kama ilivyo. Lakini aliombwa asiseme, na aliombwa na mtu aliyemwamini peke yake kati ya ukoo mzima. Barua aliyotumiwa mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Kama angeimwaga hadharani, angekuwa tofauti gani na huo Ukumbi?

Alitembea chumbani, akasimama dirishani, akaikaripia mvua. Hatimaye akakaa kwenye kompyuta.

"Kwako Tusekile. YAH: OMBI LA KUTUMIA MANENO YAKO.

Mjukuu wangu, nimepokea barua yako. Ninaweza kuisimamisha posa kesho kwa barua ya mkono. Ninaweza kusema ni mimi ninayekataa, nawe ukabaki umefichwa. Nimeijaribu barua hiyo, na nimeona ni ya uongo. Tena itakuwa mara ya pili watu kusema badala yako. Sitakuwa shangazi yako. Ukiniruhusu, nitaandika sentensi yako na jina lako, na baba yako nitamwambia kwanza, uso kwa uso. Atapoteza kicheko, sikufichi. Usiponiruhusu, nitanyamaza kama ulivyoomba, na utaolewa. Chagua wewe. Njia hii inafungwa kesho saa sita. Babu yako, Ambakisye."

Akabonyeza. Kisha akakaa akiitazama skrini kwa hasira, kama mtu anayemsubiri fundi aliyeahidi kufika asubuhi.

Jibu halikuja siku hiyo.

*

Ijumaa mshenga alifika mapema, amelowa, amevaa koti la suti na gambuti. Alikuwa Mzee Kibona, mtu wa maneno mengi aliyewaunganisha nusu ya wanandoa wa Rungwe, na alikaribishwa sebuleni kwa chai na ndizi. Lusajo alikuwa ameshainunua karatasi tupu yenye maua pembeni.

Chumbani, Mzee alifungua kisanduku cha barua. Hakuna. Akafungua tena. Skrini iliandika kwamba huduma inakaribia kufungwa, ikamshukuru tena kwa uvumilivu, naye akaitukana kwa Kinyakyusa. Ilikuwa raha kuona tusi lisilogeuka ua.

Muda si mrefu kabla ya saa sita, barua ikaingia.

"Kwako Babu. Shikamoo. YAH: RUHUSA.

Nilipanda mnara ili nipate pa kufikiria. Andika hivi: Mimi Tusekile binti Lusajo sitaki kuolewa na Gwakisa. Hana kosa lolote. Nimelisema hili tangu siku ya kwanza. Weka jina langu. Mwambie Baba nampenda, na usimruhusu akae peke yake leo. Tusekile."

Aliinakili kwa kalamu, neno kwa neno, kwenye karatasi safi isiyo na maua. Alipomaliza kuweka sahihi yake chini ya jina la binti, kisanduku cha barua kilikuwa kimegeuka weupe mtupu.

Alikwenda sebuleni, akamwomba mshenga awapishe barazani.

"Kipuli," alimwambia Lusajo. "Kitoe. Na wewe, mama, toa chako. Simama hapo hapo mlangoni, usihangaike, utanisikia."

Wakatoa. Akasoma.

Lusajo alisikiliza hadi mwisho. Mkono wake ulipapasa sikio, ukakuta hakuna kitu cha kumsaidia.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" akauliza. "Baba? Kwa nini kaja kwako? Mimi ndiye baba yake."

"Amekuambia. Ukutani, mbele ya ukoo mzima."

"Pale kaandika maneno yanamshinda."

"Pale kaandika sitaki. Hicho chombo chenu ndicho kilichomwandikia mengine."

Ukuta uliendelea kupandisha maua. Lusajo akaupa mgongo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imekwaruza, sauti ambayo baba yake hakuwa ameisikia tangu enzi za mfereji.

"Na Mwaipaja je? Unajua ataniambia nini? Unajua ilichukua muda gani mimi na yule mtu kukaa meza moja?"

"Najua."

"Na bado utaipeleka."

"Nitaipeleka. Baadaye twende kwake wote wawili, kwa miguu, umwambie kwa mdomo wako kwamba bado unataka urafiki. Kama ni rafiki atasikia."

"Na kama urafiki wenyewe ulikuwa wa Shangazi?"

Mzee alitoa bahasha mfukoni. Alikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akalamba ukingo. Gundi ilikuwa imekufa. Bahasha ilikaa kwenye droo yake miaka mingi kupita kiasi. Ikafumuka. Akaibana, ikafumuka tena.

"Upuuzi mtupu," alisema. "Nchi nzima haina tena hata gundi!"

Barazani Mzee Kibona alikohoa kwa adabu. "Mzee mwenzangu, kama ni haraka, nipige picha tu nimtumie Mwaipaja sasa hivi. Bahasha nitampelekea baadaye kama desturi."

"Usithubutu! Ukipiga picha tu, ataisoma yule mwanamke wenu. Utaibeba kwa miguu yako, kwenye mfuko wa plastiki, na utamwambia aifungue. Mwambie hivi: humu ndani kuna maandishi."

"Maandishi?" Mshenga alichungulia. "Ni ya heri lakini?"

"Ni ya binti mwenyewe."

Hapo Mama Tusekile alitoka mlangoni. Kanga yake ilikuwa imelowa machozi upande mmoja. Alikuwa na donge dogo la ugali wa moto kwenye ncha za vidole, kama lile ambalo watoto hugandishia picha kwenye madaftari. Mzee alisogeza kigoda kwa mguu ili aliweke hapo. Yeye akakipita kigoda. Alikuja hadi mbele ya baba mkwe wake, akamshika mkono, akauweka ugali kwenye kiganja chake.

"Funga vizuri, Baba," alisema. "Isifunguke njiani."

Mzee alipaka ugali kwenye ukingo wa bahasha, akakunja, akakandamiza kwa kidole gumba hadi ukashika. Lusajo akaleta mfuko wa plastiki, bila kumtazama mtu, akaufunga fundo yeye mwenyewe. Mzee Kibona aliuingiza mfuko ndani ya koti, akavuta gambuti, na akashuka na njia ya mashamba ya chai kuelekea kwa Mwaipaja, kwenye mvua.